Mgonjwa anasema "tumbo", mimi niandike nini kwa Kiingereza?

Wa_Nyalenda (Kisumu) anauliza:

Hamjambo wote. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Nyalenda. Nina nyumba 100 hivi ninazozizungukia, na Jumapili nauza omena Kibuye. Niliishia darasa la nane, na Kiingereza nilichobaki nacho ni cha kusoma mabango na ujumbe wa benki. Kuongea na watu si shida kwangu, Kiswahili na Dholuo vyote naenda navyo. Shida iko kwenye fomu ya rufaa, ile MOH 100. Pale lazima niandike mgonjwa anaumwa wapi, na kituoni kila mtu anaandika kwa Kiingereza.

Nieleze kilichonileta hapa. Mwezi wa pili kijana mmoja wa bodaboda, jirani yangu, alikuja mlangoni usiku akasema tumbo linamuuma. Nikamwambia anionyeshe. Akaweka vidole viwili chini ya kitovu, upande wa kulia. Alikuwa anatembea ameinama, mkono ameubana hapo hapo, na kila akikanyaga jiwe anafumba macho. Nikaandika "stomach pain", kwa sababu ndicho Kiingereza pekee cha tumbo nilichokuwa nacho. Aliyempokea alikuwa na foleni mpaka nje. Akasoma karatasi, akamwandikia dawa za vidonda vya tumbo, akamwambia aende nyumbani apumzike. Siku ya pili homa ikapanda, akaanza kutapika. Tukamkimbiza kwingine, akapasuliwa usiku huo huo. Kidole tumbo kilikuwa kimeshatoboka.

Amepona, pikipiki yake anaiendesha, na mamake tukikutana ananisalimia vizuri tu. Lakini mimi najua vidole vyake vilikuwa wapi, na najua karatasi yangu haikusema.

Tangu hapo nimenunua daftari. Nilinakili maneno 64 kutoka kwenye chati ya ukutani, Kiswahili upande huu, Kiingereza upande ule. Nakariri jioni nikingoja makaa yashike. Wiki tatu zimepita, na mwanangu akifunika upande mmoja naweza kusema kumi na mawili, labda kumi na matatu. Hayo mengine yananichanganya zaidi kila nikirudia. "Leg" nimeandika mguu, na "foot" nimeandika mguu. "Arm" mkono, "hand" mkono. "Artery", "vein", "nerve", zote mshipa. "Stomach", "abdomen", "belly", zote tumbo. Mtu akiniuliza mguu ni nini kwa Kiingereza nabahatisha. Halafu kuna matamshi. Sisi tuliokua na Dholuo "sh" hutuponyoka, nikisema "shin" inatoka "sin", na juzi nesi alinirudisha mara tatu kabla hajaelewa.

Naomba aliyepitia njia hii aniambie alijifunzaje. Sitaki kuwa daktari. Nataka karatasi yangu iseme pale mgonjwa alipoweka kidole.

Mwanafunzi_Kakamega anajibu:

Pole sana dada, na hongera kwa kazi. Mimi niko mwaka wa pili wa utabibu huku Kakamega, na kilichonisaidia ni mizizi. Kiingereza cha hospitali kina majina mawili kwa kila kiungo. Kuna jina la nyumbani na kuna jina lililotoka Kilatini au Kigiriki. Figo nyumbani ni "kidney", ikiingia wodini inakuwa "renal" au "nephro". Ini ni "liver", kisha "hepatic". Mapafu ni "lungs", kisha "pulmonary". Moyo ni "heart", kisha "cardiac". Mfuko wa chakula unakuwa "gastric".

Ukishajua mizizi unaongeza mikia. "-itis" ni kuvimba kwa ndani kunakoleta joto na maumivu: "hepatitis" ni ya ini, "gastritis" ya mfuko wa chakula, "arthritis" ya maungio ya mifupa, "appendicitis" ndiyo iliyompata kijana wako. "-ectomy" ni kukata na kuondoa. "-scopy" ni kuchungulia kwa kifaa. Mizizi thelathini na mikia kumi inakufungulia mamia ya maneno. Anza na hiyo, daftari lako litapungua mara moja.

Sista_Mstaafu (Nakuru) anajibu:

Mwanangu wa Nyalenda, nimekusoma mara mbili. Nilikuwa nesi miaka 34, mwanzo wodi ya upasuaji, mwisho nikiwafundisha wanafunzi kando ya kitanda. Sasa niko nyumbani huku Lanet na kuku wangu.

Kwanza tua mzigo mmoja. Karatasi yako ilipungukiwa, ni kweli, lakini tumbo la yule kijana lilifika kituoni pamoja naye. Aliyempokea alipaswa kumlaza na kumgusa. Hakuna fomu inayochukua nafasi ya mkono.

Sasa daftari lako. Kichwa chako hakina kasoro. Umeliandika kana kwamba Kiswahili na Kiingereza zimeukata mwili kwa kisu kimoja, neno hili kwa neno lile. Hazikuukata hivyo. Sisi tukisema mguu tunaanzia nyongani tunaishia kwenye kucha. Mwingereza anakata kwenye kifundo: juu yake "leg", chini yake "foot". Daktari naye anakata mara nyingine, kwake "leg" ni kuanzia goti hadi kifundo, na kutoka goti kupanda juu ni "thigh", paja. Mkono ni vivyo hivyo. Kuanzia kifundo kwenda kwenye vidole ni "hand". Kutoka kifundo hadi kiwiko ni "forearm". Kiwiko hadi bega, hapo ndipo daktari anapoita "arm". Kidole cha mkono ni "finger", cha mguu ni "toe", na gumba la mkono lina jina lake peke yake, "thumb". Kwa hiyo acha kukariri neno. Kariri mpaka: linaanzia wapi, linaishia wapi. Leo ukimaliza kuosha vyombo, kaa chini, vuta kalamu, zungusha mstari kwenye kifundo chako cha mguu. Gusa juu ya mstari useme, gusa chini ya mstari useme. Wanafunzi wangu walikuwa wanarudi bweni miguu imejaa wino, na mtihani walipita.

Tumbo ndilo linalotaka subira. "Stomach" ni mfuko mmoja tu, ule chakula kinapotua, na uko juu kuelekea kushoto, sehemu kubwa yake imejificha chini ya mbavu. "Abdomen" ni eneo zima, kuanzia chini ya mbavu hadi kinena. Pale kijana wako alipoweka vidole hakuna "stomach". Chora msalaba unaopita kitovuni, mstari mmoja wa kushuka na mmoja wa kukata. Umepata vyumba vinne. Juu kulia kuna ini na kifuko cha nyongo. Juu kushoto kuna mfuko wa chakula na wengu. Chini kulia ndipo kilipo kidole tumbo. Chini kushoto utumbo mpana unamalizikia safari yake. Mwanamke ana ovari na mirija yake kila upande huko chini, ndiyo maana mwanamke wa umri wa kuzaa akishika hapo lazima pia uulize na uandike mara ya mwisho alipoona hedhi.

Sasa angalia. "Right lower abdomen". Maneno matatu. Hayo ndiyo yaliyokosekana usiku ule. Na kulia ni kulia kwa mgonjwa, hata kama amekuelekea na kwako ni kushoto. Nimewaona wanafunzi wa mwaka wa tatu wakikosea hapo.

Kuna mpasuaji wa New York aliyeitwa McBurney, mwaka 1889 alieleza mahali penyewe: shika ncha ya mfupa wa nyonga mbele upande wa kulia, vuta mstari hadi kitovuni, theluthi ya kwanza kutoka kwenye mfupa ndipo panapouma zaidi. Mpaka leo pale panaitwa kwa jina lake. Mara nyingi maumivu huanzia kitovuni, baada ya saa kadhaa yakahamia huko. Ukimsikia mtu akisema yamehama, andika yalipoanza na yalipofika.

Mshipa sasa. "Artery" hutoa damu moyoni, ndiyo inayodunda ukigusa chini ya gumba kwenye kifundo cha mkono. "Vein" huirudisha, ndiyo ile unayoiona nyuma ya kiganja, na ndiyo tunayoichoma sindano ya maji. "Nerve" haibebi damu, inabeba hisia na amri, ikibanwa mtu anasikia ganzi au moto. "Tendon" ni kano, kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Ishike ile ngumu iliyo juu ya kisigino chako, hiyo ni "tendon". Na kuna wanaume watakaokwambia wana mshipa wakimaanisha ngiri, na wataona haya kuonyesha. Uliza polepole, mbali na watu.

Sasa nimjibu kijana wa Kakamega, kwa heshima. Mizizi yako ni ya kweli na itakufaa sana. Mimi mwenyewe niliipenda nilipoambiwa kwamba "pelvis" kwa Kilatini ni beseni, na "clavicle" ni ufunguo mdogo, na "cochlea" ya ndani ya sikio ni konokono. Lakini huyu mama hahitaji "hepato" wala "nephro" kwenye MOH 100. Akianza na mikia ataandika "appendicitis" siku moja ambapo si yenyewe, na aliyepo upande wa pili ataamini karatasi. Jina la ugonjwa ni la atakayempima. La kwake ni mahali, upande, tangu lini, na kama kuna homa, kutapika au damu. Kiingereza cha nyumbani kinatosha, mradi kielekeze mahali penyewe.

Matamshi: andika kwa masikio yako, kwa herufi zetu. Kiingereza kinaficha herufi. "Knee" ni nii, k imelala. "Wrist" ni rist. "Thumb" ni tham. "Womb" ni wuum. "Muscle" ni maso. "Stomach" ni stamak. Kuhusu "sh", anza na maneno unayoyajua: shati, shamba, shule. Shati likitoka sawa, "shin" na "shoulder" zitafuata. Huku kwetu shida ni l na r, nimefundisha wasichana werevu kabisa waliosema "river" wakitaka "liver". Tulikuwa tunasimama mbele ya kioo, ulimi ukigusa nyuma ya meno ya juu ni l. Baada ya wiki mbili ilikuwa imekaa.

Bucha_Bondeni (Nakuru) anajibu:

Sista ameongea. Niongeze upande wangu, mimi ni mwenye bucha, si mtu wa hospitali. Binti yangu anasomea uuguzi, na picha za kitabuni zilimshinda kwa sababu kila kitu kimepakwa rangi. Ini la kitabuni ni la zambarau. Nikamwambia aje bucha asubuhi mzigo unapofika.

Nilimpa seti nzima ya ndani ya mbuzi mmoja, haijatenganishwa. Akaanza juu: koo la hewa, ukilibonyeza linarudi, kwa sababu lina pete ngumu mbele, na nyuma ni laini. Nyuma yake kuna njia ya chakula, laini kabisa, ukiiacha inalala bapa. Tangu siku hiyo hakuchanganya tena "trachea" na "oesophagus". Mapafu akayapuliza kwa mrija, yakajaa kama puto, akaelewa kwa nini yakitupwa majini yanaelea. Kwenye ini nikamwonyesha kifuko cha nyongo, kijani, kimejibanza chini, na namna ninavyokiondoa kwa ncha ya kisu bila kukitoboa, maana kikipasuka nyama yote ni chungu. Pale alisema mwenyewe, "gall bladder". Kongosho sisi hulitupa, ni kitu cheupe cheupe kilichokaa kama mafuta karibu na mwanzo wa utumbo. Alilitafuta nusu saa.

Figo tukaikata kwa urefu. Nje rangi ya kahawia iliyokolea, ndani imepauka, katikati kuna uwazi mweupe unaokusanya mkojo na mrija unaotoka. Akaniambia majina: "cortex", "medulla", "pelvis", "ureter". Mimi nimekata figo miaka 20 sikujua vina majina.

Angalizo moja. Tumia figo ya mbuzi au kondoo, ni laini kama ya mtu. Ya ng'ombe imegawanyika vipande vipande kama shada la zabibu, itakudanganya.

Sista_Mstaafu (Nakuru) anajibu:

Baba wa Bondeni, ningekuwa nawe enzi zile ningewaleta wote bucha. Niongeze angalizo la pili: mbuzi hucheua, tumbo lake lina vyumba vinne. Letu lina kimoja. Kwa hiyo mama, "stomach" usijifunzie kwa mbuzi.

Wa_Nyalenda (Kisumu) anarudi, wiki nne baadaye:

Nimerudi kushukuru, na nina swali.

Daftari la kwanza nimeliacha. Nilinunua plasta ya karatasi, ile nyeupe ya kufungia bandeji, nikaikata vipande na kuandika neno moja kila kipande. Jioni mwanangu anavua shati, analala kwenye mkeka, mimi nabandika. "Elbow", "wrist", "hip", "groin", "ankle", "heel". Nikibandika "arm" chini ya kiwiko anakataa kwa kichwa mpaka niipandishe. Dada yake mdogo anashika tochi umeme ukipotea. Sasa "shin" yake ina plasta mbili kwa sababu niliisema vizuri siku mbili mfululizo, akataka zibaki zote. Mbuzi sikumpata mzima, lakini Kibuye nilinunua mapafu na koo lake, na zile pete nimezishika kwa mikono yangu.

Msalaba wa tumbo naubeba kichwani. Nimejaza fomu sita tangu hapo, na zote sita nimeandika upande.

Wiki iliyopita nilimtembelea mama mmoja mkongwe, mjane. Akaniambia kwa Dholuo kwamba "chunya" inamuuma. Mlio huku mtanielewa. "Chuny" kwetu ni ini, lakini pia ndiyo roho, mahali huzuni inapokaa. Moyo wenyewe unaodunda tunauita "adundo". Zamani ningeandika "liver pain", au ningedhani analia mumewe na nisiandike kitu. Nikamwambia, mama, weka mkono hapo. Akauweka chini tu ya mfupa wa kidari, kwenye chembe cha moyo, akasema tangu asubuhi, na jasho lilikuwa linamtoka ingawa alikaa kivulini. Nikaandika "pain, upper middle abdomen, just below the breastbone, since morning, sweating". Nikampigia mwenye pikipiki, yule yule kijana, akaja mara moja. Waliompokea walisoma karatasi wakampima moyo kwanza. Bado amelazwa, anaongea, jana alikunywa uji.

Swali langu ni kiuno. Kina mama wengi wananiambia kiuno kinauma, na chati yangu inasema "waist". Lakini wakionyesha hawaonyeshi mahali pamoja.

Sista_Mstaafu (Nakuru) anajibu:

Nimeisoma hiyo ya mama mkongwe, nikaiweka simu chini kwanza. Ulifanya sawasawa. Kwa mtu mzima maumivu ya chembe cha moyo yanaweza kutoka kwenye moyo wenyewe, hasa akitoka jasho au pumzi ikibana, na wangapi wamepewa dawa ya kiungulia wakarudishwa nyumbani. Uliandika mahali, hukuandika ugonjwa.

Kiuno. "Waist" ni pale mshipi unapokaa, na mgonjwa karibu hamaanishi hapo. Akiweka kiganja nyuma, juu ya makalio, andika "lower back". Akishika pembeni kwenye mfupa, au ndani ya mkunjo wa paja, ni "hip" au "groin", na mwambie atembee hatua tano uangalie kama anachechemea. Akiweka mkono nyuma lakini juu zaidi, chini ya mbavu za mwisho, upande mmoja tu, hapo tunaita "flank", na figo ziko huko. Uliza mkojo: unauma, umebadilika rangi, una damu? Uliza homa. Akiwa mjamzito na kiuno kinakuja na kuondoka kama wimbi, usiandike kitu kwanza, tafuta pikipiki, utaandika njiani.

Kata plasta nyingine nne. Hizi zinabandikwa mgongoni, kwa hiyo mwambie mwanao alale kifudifudi.